Geuza Kamera: Nyuma ya Ukuta wa Bwawa Kuna Watu

Niko na video ya sekunde 14 kwenye simu yangu ambayo sijawahi kuiposti. Haina muziki, haina filta, hakuna mtu anayecheka ndani yake. Inaonyesha nyasi ndefu, udongo uliolowa, na maji membamba yanayotoka chini ya ukuta wa bwawa, yakielekea mahali kuna mabati ya nyumba za watu. Wakati naichukua, mita chache tu juu yangu, mbogi yangu ilikuwa kwa mashua ikiimbia rafiki yetu wimbo wa kuzaliwa.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo video. Lakini kwanza ile nyingine, ile mliyoiona.

Mliiona. Droni inapanda polepole, maji yanang'aa, mashua tatu za rangi ya chungwa zinazunguka, na juu ya ukuta mikaratusi imejipanga kama askari kwenye gwaride. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mwaka ule. Wengi mlinitumia ujumbe mkiuliza, "Buda, hapo ni wapi?" Nikawaelekeza. Wengine mlienda na wapenzi wenu, wengine na kwaya ya kanisa. Mkanitumia picha. Na mimi nikafurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, kuwaambia mahali poa pa kwenda na soo tano mfukoni.

Sitataja jina la hapo. Kwanza kwa sababu sitaki kuonea mtu mmoja kwa kosa ambalo liko kila mahali. Pili kwa sababu ukisoma hadi mwisho utagundua unajua bwawa lako mwenyewe lenye shida hiyo hiyo.

Ilikuwa Aprili, Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, halafu siku hiyo jua likatoka kama limelipwa. Kuingia soo tatu, mashua soo mbili kwa nusu saa, nyama choma bei ya kukufanya ufikirie maisha yako. Maji yalikuwa yamejaa. Na nikisema yamejaa, nataka uelewe vizuri: kutoka usawa wa maji hadi juu ya ukuta ilikuwa kama kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha ya vidole. Sisi tuliona hiyo ni baraka, maanake picha zinatoka fiti maji yakiwa karibu. Magari yalikuwa yameegeshwa juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu hapo ndipo kivuli kiko.

Nilishuka nyuma ya ukuta kutafuta mahali pa kurushia droni kutoka chini. Huko nikakuta shosho mmoja anakata majani ya ng'ombe.

"Habari ya mchana, shosho."

"Nzuri, kijana wangu. Chunga hapo, utazama."

Nikadhani ananitania. Hatua iliyofuata, mguu ukaingia kwenye tope hadi kifundo. Raba nyeupe, manze.

"Kwani huku mvua ilinyesha kuliko kule juu?"

"Hii si ya mvua. Hii maji inatoka kwa ukuta. Hata Januari, wakati ng'ombe za watu zinakosa chakula, mimi nakata majani hapa."

Nikamuuliza kama wameshawaambia wenye bwawa. Akasema waliambiwa, wakaleta lori moja la mchanga, wakamwaga, wakaenda. Nikamuuliza anaishi wapi. Akanyoosha panga kuelekea bondeni. Kulikuwa na nyumba kama kumi hivi za mabati, na kando yake chekechea iliyopakwa rangi ya kijani na manjano.

"Mvua ikiwa kubwa usiku," akasema, "mimi silali. Naskiza."

Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, halafu akarudi kwa majani yake. Ndipo nikatoa simu nikachukua zile sekunde 14.

Nikirudi juu nilipitia pembeni mwa bwawa, mahali kuna mfereji wa saruji. Ule ndio mlango wa maji ya ziada: bwawa likijaa, maji yapitie hapo yaende zake badala ya kuruka ukuta. Ulikuwa umewekwa waya wa matundu. Na kwenye waya kulikuwa na chupa za soda, matawi, majani ya mikaratusi na ndara moja ya bluu. Maji yaliyokuwa yakipita yangetosha kuosha vyombo tu. Kijana wa mashua akaniambia waya ni wa kuzuia samaki wasitoroke, kwa sababu wageni wanapenda kuvua. Nikaenda kwa msimamizi, nikamwambia kuhusu waya na lile tope. Akanishika bega, akacheka.

"Kijana, hii bwawa ina miaka mingi kuliko wewe. Enda ufurahie."

Na mimi nikaenda nikafurahia. Nikarusha droni. Jioni nikaposti ile video nzuri, na ile ya sekunde 14 nikaiacha ilale kwenye simu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniumiza, na ndiyo sababu ya kuandika hii kitu.

Sasa twende darasani kidogo, usihepe. Mimi si injinia. Lakini binamu yangu anasomea uhandisi, na nilipomwonyesha zile sekunde 14 alinyamaza kwa muda, na huyo ni mtu hanyamazi.

Mabwawa mengi madogo tunayoenda kupunga hewa hayana ukuta wa saruji. Ukuta wake ni udongo uliorundikwa na kushindiliwa, yaani kugandamizwa vizuri mpaka ushike, halafu ukapandwa nyasi. Ukijengwa vizuri na kutunzwa, unaweza kukaa miaka mingi sana. Hapo msimamizi hakukosea. Lakini tuta la udongo lina adui mmoja, na adui huyo ndiye limejengewa kumbeba kila siku.

Linaweza kufa kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza, maji yanapita juu yake. Saruji inaweza kuvumilia maji yakiruka juu. Udongo hauwezi. Maji yakianza kupita juu ya tuta yanalikata kutoka nyuma kama kisu kwenye ugali, na likishaanza kukatika huwezi kulizuia kwa koleo. Ndiyo maana ule mfereji wa pembeni ndio uhai wa bwawa zima. Ukiuziba kwa ajili ya tilapia wawili, umeamua kwamba siku ya mvua kubwa maji yatapita juu.

Ya pili, maji yanajichimbia njia ndani. Kila tuta linavuja kidogo, hiyo ni kawaida, na mabwawa yaliyojengwa kwa akili yana sehemu za kupokea hayo maji na kuyatoa bila kubeba udongo. Shida inaanza pale maji yanapobeba udongo. Leo yanatoa kijiko, kesho kikombe, mwezi ujao kuna njia ya ukubwa wa mkono wako ndani ya ukuta na wewe huku juu huoni kitu. Mizizi ya miti inasaidia hiyo njia kupatikana, hasa mti ukifa na mzizi ukaoza, ukaacha shimo. Mashimo ya fuko na panya nayo ni hivyo hivyo. Ile mikaratusi yangu ya gwaride, ile iliyonipa wafuasi, ilikuwa inafanya kazi hiyo kimyakimya.

Ya tatu, upande wa nyuma unalowa mpaka unateleza. Udongo ukishiba maji unakuwa mzito na mlegevu, na kipande kinashuka. Binamu yangu alipoona mguu wangu ulivyozama kwenye video, alisimama hapo.

Sasa wewe utasema, "Lakini ni kabwawa kadogo." Sawa, tupige hesabu. Chukua bwawa la ukubwa wa uwanja mmoja wa mpira, tuseme mita 100 kwa 70, lenye kina cha wastani cha mita 3. Hapo una mita za ujazo 21,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hizo ni tani 21,000. Zile boza za maji za lita 10,000 zinazotuletea maji mtaani mifereji ikikauka? Unahitaji 2,100 za hizo. Sasa fikiria boza 2,100 zimeegeshwa juu ya nyumba ya shosho, zikishikiliwa na tuta la udongo, na zote zifunguke ndani ya dakika chache, saa nane usiku.

Sitishii mtu. Hii kitu ilishatokea hapa kwetu.

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Lilikuwa bwawa la udongo kwenye shamba la mtu binafsi, juu mlimani, na watu wakiishi chini. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha kwa wiki nyingi. Watu takriban 48 walikufa, wengi wakiwa watoto. Baada ya hapo Mamlaka ya Rasilimali za Maji ikasema mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Fikiria hapo. Bwawa lilikuwa juu ya mlima miaka yote hiyo. Halikuwa limefichwa. Kila mtu aliliona. Swali la kibali likaulizwa kwa sauti baada ya maziko.

Halafu tuje 2024. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Mwanzoni habari zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya maji ya chini yake ilizibwa na takataka za mafuriko. Kuna wasee walifurahi hapo, eti "aah, kumbe halikuwa bwawa." Lakini hebu soma tena. Tuta la udongo, maji nyuma yake, na tundu la kutolea limezibwa. Hata kama hakuna mtu aliyelipa jina, hilo ni bwawa. Na ule waya wa tilapia unafanya kazi ile ile iliyofanywa na zile takataka.

Siku chache baada ya Mai Mahiu, Mei 2, serikali iliamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame ndani ya saa 24. Mimi nilisoma hiyo habari mara mbili. 178! Na saa 24! Maana yake ni kwamba kuna ofisi mahali inayoweza kutoa orodha ya mabwawa yenye mashaka. Basi kwa nini tunaisikia tu wakati maji yako kwenye kiuno? Kwa nini orodha hiyo isibandikwe kwa ofisi ya chifu mwezi wa Januari, wakati kuna jua, wakati fundi anaweza kufika na lori bila kukwama?

Na usidhani ni mambo ya mashambani tu. Wewe wa Lang'ata, wa Kibra, wa South B, uko na lako. Nairobi Dam ilijengwa 1953 kama akiba ya maji ya mji, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakienda kupiga mashua za matanga hapo. Ndiyo, matanga, hapo hapo. Muulize guka yeyote aliyekaa Nairobi miaka hiyo. Leo ukipita hapo unaona kijani kitupu. Ni gugumaji, limefunika ziwa la takriban ekari 88, na chini yake kuna tope na maji machafu yanayoingia bila kukoma. Kila inchi ya tope ni inchi ya nafasi ambayo mvua ikija haina pa kukaa. Maji yakitoka hapo yanakuwa Mto Ngong, na huo mto unapita Mukuru, ambako watu walifurikiwa vibaya Aprili 2024. Sisemi bwawa ndilo lilileta mafuriko ya Mukuru. Nasema bwawa ambalo lingepokea maji kidogo na kuyatuliza, tumelijaza taka mpaka halina nafasi.

Kwa hivyo bwawa la kupunga hewa linaweza kutupwa kwa njia mbili: tunalisahau, kama Nairobi Dam, au tunalipenda upande mmoja tu, kama lile la video yangu. Hii ya pili ina historia ndefu, na wacha niwape mifano miwili ya mbali kwa sababu inafanana na yetu mpaka inaogopesha.

Marekani, jimbo la Pennsylvania, Mei 31, 1889. Juu ya mji wa Johnstown kulikuwa na bwawa la udongo lililoitwa South Fork. Lilikuwa mali ya klabu ya matajiri wa uvuvi na uwindaji, watu kama Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Walikuwa wanaenda hapo kupumzika, kuvua na kupiga mashua. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa na kuuzwa kama vyuma kuukuu kabla hata klabu haijaja, na hawakuyarudisha. Juu ya ukuta palipunguzwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Na kwenye mlango wa maji ya ziada waliweka vyuma vya matundu. Mnajua ni kwa nini? Samaki wasitoroke. Mvua kubwa ilipokuja, matawi na takataka zikaziba pale, maji yakapita juu ya ukuta, ukaondoka. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko letu kwa mbali sana, lakini waya ni ule ule na samaki ni wale wale. Miaka zaidi ya 130 imepita.

Mfano wa pili ni mdogo, na ndio ulionifanya niandike. Georgia, Marekani pia, usiku wa Novemba 6, 1977. Bwawa la udongo la Kelly Barnes, lililokuwa limebaki kuwa la burudani tu, lilipasuka baada ya mvua na kuua watu 39 kwenye chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni. Wachunguzi walipotafuta sababu wakapata picha iliyopigwa 1973. Picha hiyo ilionyesha kipande cha upande wa nyuma wa ukuta kimeteleza na kushuka. Miaka minne kabla! Mtu alikuwa na kamera, akabonyeza, ushahidi ukawepo. Baada ya vifo, Rais Jimmy Carter akaagiza mabwawa hatari ya watu binafsi yakaguliwe.

Mimi niko na sekunde 14. Sitaki ziwe picha ya 1973.

Sasa najua mtasema nini, kwa sababu nimeshaambiwa na marafiki.

La kwanza: "Unaharibia watu biashara." Naelewa. Kijana wa mashua analipa karo ya mdogo wake na hizo soo mbili mbili. Mama wa samosa yuko hapo kila wikendi. Lakini hebu uliza, bwawa likipasuka, mashua zitaelea wapi? Kuondoa waya na kusafisha mfereji ni kazi ya asubuhi moja. Kukataza magari kuegeshwa juu ya ukuta ni kamba na vijiti viwili. Kulipa mhandisi aje atazame ukuta ni pesa, ndiyo, lakini mwenye bwawa anayeweza kununua farasi wa watoto kupanda anaweza kulipa mhandisi. Usalama ndio utakaoweka biashara hai.

La pili: "Serikali ndiyo ifanye." Kweli kabisa, na sitaiachilia. Sheria ya Maji ya 2016 ipo, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali na kusimamia. Wafanye kazi yao wakati wa jua. Lakini afisa mmoja ana eneo kubwa na gari moja, na sisi tuko kwa hayo mabwawa kila Jumamosi, maelfu yetu, kila mtu na kamera mfukoni. Hakuna mkaguzi wa serikali mwenye macho mengi hivyo.

La tatu, na hili lilitoka kwa rafiki yangu wa karibu: "Sisi tukienda tuko juu ya maji, ukuta ukienda sisi hatudhuriki." Aliongea kwa utani, lakini aliongea ukweli mchungu kuliko wote. Bwawa la burudani linagawa watu wawili. Aliyelipa tiketi yuko juu, na akiona hatari ana gari la kuondokea. Aliye chini hakulipa kitu, hakualikwa, hakuulizwa, na yeye ndiye atabebwa. Raha ni yetu, hatari ni ya shosho. Hata kibao kilichoandikwa kwamba ukiogelea ni kwa hatari yako mwenyewe kimewekwa upande wetu. Kule nyuma hakuna kibao.

Basi hivi ndivyo nataka tufanye. Si kugoma kwenda, nendeni. Mabwawa ni mazuri, yanatunza maji, yanatunza samaki na ndege, na mji wetu hauna mahali pengi pa kupumua. Lakini kabla hujalipia mashua, tembea nyuma ya ukuta dakika tano. Angalia haya.

Mfereji wa maji ya ziada uko wapi, na uko wazi? Kama hauoni kabisa, hilo ni jibu tayari.

Kuna miti mikubwa imeota kwenye ukuta? Nyasi fupi ni afya. Msitu ni shida.

Chini ya ukuta upande wa nyuma kumelowa wakati kwingine kumekauka? Maji yanatoka? Yakiwa meupe, yanahitaji mtu wa kuyafuatilia. Yakiwa na rangi ya tope, ukuta unaondoka kidogo kidogo, na hapo hakuna kungoja.

Kuna ufa, au mahali juu ya ukuta pamebonyea? Mahali palipobonyea ndipo maji yatapita kwanza.

Kuna mashimo ya wanyama? Magari yanapita juu?

Na mwisho, inua macho: nani anaishi chini?

Ukiona kitu, piga picha, ukionyesha na kitu cha kupima ukubwa, hata kiatu chako. Mwambie msimamizi kwa heshima, usimtukane. Halafu usiishie kwake kama mimi. Peleka kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu, na kwa chifu, kwa maandishi, ubaki na nakala. Waambie na wanaoishi chini, kwa sababu wao ndio wa kwanza kustahili kujua. Na ukiona maji ya tope yanatoka kwa kasi au yanapita juu ya ukuta, acha kupiga video, piga kelele. Watu waende kwenye mwinuko, pembeni, wasikimbie kufuata mto. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199, ni bure.

Na nyinyi wenzangu wa kutengeneza video, hili ni letu. Sisi ndio tunajaza hizi sehemu. Posti moja inaweza kuleta watu mia tano wikendi moja, na mwenye bwawa akiona hivyo anaongeza mashua, anaongeza samaki, anakaza waya. Hakuna mtu alimwonyesha kwamba tunajali ukuta. Tukianza kuonyesha nyuma, wenye mabwawa safi watajivunia kuonyesha zao, na wengine wataona aibu. Aibu inafanya kazi haraka kuliko barua.

Mimi nimeanza. Ile video nzuri nimeitoa, nitairudisha siku mfereji ukiwa wazi. Zile sekunde 14 nimezipeleka ofisini pamoja na barua ya ukurasa mmoja, na wameipiga muhuri kuonyesha imefika. Nakala nimempigia chapa moja msimamizi.

Jumamosi hii narudi huko. Sina mpango wa kurusha droni. Nimenunua gambuti za mvua, nataka kupita kwa shosho nimsalimie, nimwambie barua imefika, na nimuulize kama wiki hii alilala.